Mifupa ya Congosaurus: ni ya Tervuren, ya Angola ao ni yetu?

Kila tukizungumza hapa Lubumbashi juu ya vitu vyetu vilivyoko Ubelgiji, lazima mtu ataje Congosaurus. Basi leo tumalizane naye.

Kwanza si dinosauria. Ni mamba wa baharini, mdomo mrefu mwembamba, aliyeishi kama miaka milioni 60 iliyopita, dinosauria wakiwa wamekwisha kupotea. Mifupa yake ilichimbuliwa kwenye genge la Landana, pwani ya Atlantiki, penye kasa na meno ya papa tele. Louis Dollo, mtaalamu wa mifupa ya kale, akampa jina mwaka 1914, mifupa ikawekwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Lakini Landana iko Cabinda, na Cabinda ni Angola. Wakati ule ilikuwa ya Mreno. Sasa tutadai kwa haki gani, kwa sababu ya jina tu? Hata sheria ya Ubelgiji ya 2022 ya kurudisha vitu inahusu makoloni yake yenyewe, Cabinda haimo. Mimi nasema iende Angola, sisi tuombe nakala ya plasta. Semeni.

Mama wa Katuba: Papa, plasta tena? Mpaka walichora Wazungu, mamba hakuwa na pasipoti. Angola na Kongo waidai pamoja, kisha wazungushe maonyesho.

Kijana wa Kampemba: Heshima kwenu wakubwa, ila mnalilia mifupa ya mbali. Mimi niko kwenye mgodi. Kuna jiwe lenye matundu-matundu, wajiolojia wanaliandika R.S.C., kwa Kifaransa roches siliceuses cellulaires. Lilijengwa na bakteria kwenye bahari ya kina kifupi, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, samaki hata mmoja hajaumbwa. Likate, limwagie maji: unaona mistari myembamba imepandana kama kurasa. Tunalipasua kwa baruti pamoja na shaba, halafu kwaheri.

Mwenye mada: Kijana, wewe ndiye unanipa kazi. Makumbusho ya Lubumbashi yapo mjini. Kila kampuni ya mgodi ipeleke bamba moja la jiwe hilo, na mahali lilipotoka paandikwe. Kwa hilo hatuhitaji ruhusa ya Brussels. Ya Landana bado nashikilia: ni ya Angola.

Mama wa Katuba: Bamba likifika, nani atalilinda lisiuzwe barabarani pamoja na malakiti, yale mawe ya kijani ya shaba? Jibuni hilo kwanza.