Arbuni ya gemu mpya: duka likikosa CD siku ya kutoka, pesa irudi au isirudi?

Mwana Mlandege
Assalaam alaykum. Kuna duka la gemu mjini linapokea nusu ya bei ya FC mpya, ile gemu ya mpira, miezi miwili kabla ya kutoka. Risiti inaandikwa "FC, PS5", yaani FC ya mashine ya PlayStation 5, basi. Siku ikifika mteja anaambiwa CD bado ziko Dubai, asubiri wiki mbili au achukue akaunti ya mtandaoni yenye gemu hiyo. Akikataa yote mawili, arbuni hairudi. Mie naiita dhulma, na maduka yakatazwe kabisa kupokea arbuni.

Fundi Pedi, Darajani
Dhulma ipo, lakini kwanza tutenganishe mambo. FC 26 ilitoka 26 Septemba 2025, na waliolipia toleo la Ultimate walianza kucheza tarehe 19. Siku 7 zile zinakwenda na toleo. Aliyelipia la kawaida akidai tarehe 19 hana haki, ila kama duka ndilo lililomuahidi.

Kubwa zaidi ni hiyo akaunti. Duka linanunua gemu mara moja kwenye akaunti yake, kisha linauza nafasi mbili, praimari na sekondari. Mwenye praimari, PS5 yake inaunganishwa na akaunti ya duka, naye anacheza kwa akaunti yake mwenyewe, hata bila ya mtandao. Mwenye sekondari analazimika kuingia kwa akaunti ya duka, na mtandao ukikatika gemu haifunguki. Akaunti moja inakubali PS5 moja tu ya praimari. Duka likimuuzia mtu wa pili nafasi ile ile, wa kwanza anaikuta gemu yake ina alama ya kufuli.

Kwenye FC wa sekondari anaumia mara mbili, kwani timu yake ya Ultimate Team, ile sehemu ya FC ya kukusanya wachezaji mtandaoni, inajengwa ndani ya akaunti ya duka. Nywila ikibadilishwa, wachezaji na sarafu vyote vimekwenda. Na masharti ya Sony, wenye PlayStation, hayaruhusu kuuza akaunti, kwa hivyo hana pa kushitakia.

Muuza Gemu, Michenzani
Mnalisema duka kama kwamba ndilo linalotengeneza gemu. Tanzania haimo katika orodha ya nchi za PlayStation Store, duka la mtandaoni la Sony. Muuzaji anaagiza CD 10 au 12 kwa mtu wa Dubai na kuzilipia zote kabla hazijapakiwa. FC ni gemu inayoshuka bei upesi, maana kila Septemba inatoka nyengine. Wateja watano wakighairi, mtaji umelala kabatini. Arbuni ikikatazwa, hakuna atakayeagiza, na CD mtazipata Novemba.

Ustadh, Malindi
Ndugu yangu, umesema wateja wakighairi. Hapa aliyeshindwa kutoa mali ni duka, si mteja. Na hata mteja akighairi, katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa Visiwani, arbuni ya kumezwa na muuzaji haifai. Wanaoiruhusu ni Hanbali, nao wanazungumzia mnunuzi aliyerudi nyuma kwa hiari yake. Ukitaka kuuza kitu ambacho hakijafika, mlango upo, nao ni salam: bei yote ilipwe pale pale, mali ielezwe sifa zake, na muda utajwe. Muda ukifika mali haipo, mnunuzi ana hiari ya kusubiri au kurejeshewa pesa yake kamili. "FC, PS5" si sifa za mali.

Mpemba wa Wete
Allah akulipe, Ustadh. Ila kwenye akaunti msitufungie mlango sisi wa Pemba. CD ikishafika Unguja bado inasubiri meli, na akaunti inaingia kwa simu siku ile ile. Shida yake ni kushusha: gemu ya GB 100 kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde inataka saa 22 na zaidi. Wanaoichukua waijaribu mbele ya muuzaji. Ingia kwa akaunti yako, zima waifai, fungua gemu. Ikifunguka ni praimari. Ikikataa, umeuziwa sekondari, usitoe pesa iliyobaki.

Fundi Pedi, Darajani
Hilo jaribio ni sahihi kabisa. Na wa CD waulizwe kwanza PS5 yao ina mlango wa CD. Ya Digital haina, na watu wanaiwekea arbuni ya CD bila ya kuulizwa. Eneo la dunia ambalo CD imetolewa kwa ajili yake nalo liandikwe: CD inachezeka kwenye PS5 yoyote, lakini vya kuongezea vinavyonunuliwa mtandaoni vinataka akaunti ya eneo moja na CD.

Mwana Mlandege
Basi la kukataza arbuni naliacha. Risiti iseme CD, praimari au sekondari, toleo gani, eneo gani, na tarehe ya kukabidhi. Tarehe ikipita siku 7, pesa irudi yote.

Muuza Gemu, Michenzani
Kuandika nakubali. Siku 7 hapana. Mzigo ukikwama njiani, siku 7 zinakwisha kabla boksi halijafunguliwa. Semeni 14.

Mwana Mlandege
14 sawa, lakini yote. Bila ya kukata hata mia.

Muuza Gemu, Michenzani
Kwa aliyekosa mali, yote. Kwa aliyeghairi mali ipo dukani, hapo bado sijakubaliana na Ustadh.