Mjadala: Shedo ya macho ya krimu au ya maji, ukiwa na pesa ya moja tu?

Mtoa mada: Kila msimu wa harusi hoja hii inarudi. Kuna wanaosema shedo ya kikopo, mfano Color Tattoo ya Maybelline au ColorStay ya Revlon yenye kibrashi kifunikoni, ndiyo inayostahimili joto. Wengine wanasema kikopo kimepitwa, sasa ni vichupa vya shedo ya maji vyenye kijiti cha kupakia, kama ile glita ya e.l.f. Tujadili za bei nafuu tu, na kope za mtu wa Pwani: jasho, unyevu, mafuta. Toeni sababu. "Mimi naipenda" haihesabiwi.

Kikopo Daima: Krimu, bila kusita. Color Tattoo ina gramu 4, kichupa cha e.l.f. mililita 3, na sehemu ya hizo 3 inaganda shingoni ambako kijiti hakifiki. Halafu krimu inakupa nafasi ya kurekebisha. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha macho yote mawili: chukua kwa kidole cha pete, joto la kidole liilainishe, gonga katikati ya kope kisha sambaza ukingo. Na hata poda hafifu ukiigonga juu yake inashika. Ya maji itakupa hayo?

Binti Kijiti: Dada, hizo gramu 4 utazitumia zote? Kikopo kina mdomo mpana. Kila ukikifungua, kiyeyushi, yaani kile kimiminika kinachoilainisha krimu, kinapaa. Baada ya muda krimu inanywea, inaachana na ukuta wa kikopo, inapasuka kama tope la kiangazi. Ukikiacha kwenye gari juani ndiyo basi. Kichupa kina mdomo mwembamba na kipanguso ndani yake kinachofuta kijiti, hewa inaingia kidogo. Na glita nono je? Krimu ya kikopo haibebi, inabaki mng'ao tu.

Msoma Lebo: Mnabishania chombo, wakati kazi inafanywa na kilichomo. Geuzeni boksi. Ukikuta isododecane (kiyeyushi kinachopaa) kati ya vitu vitatu vya mwanzo, pamoja na trimethylsiloxysilicate (silikoni inayofanya utando), hiyo itakauka na kuacha utando usioogopa jasho, iwe ya kikopo au ya kichupa. Ukikuta mafuta na nta zimetangulia na isododecane haipo, haitakauka, na baada ya saa chache itakuwa mstari kwenye mkunjo wa kope. Penseli nono ya NYX, ile nyeupe iitwayo Milk, ni ya aina hiyo: gundi nzuri ya poda, lakini ikiachwa peke yake inateleza. Vichupa vingi vya glita vinaanza na maji, kisha gundi ya acrylates. Vinakauka vikiwa vigumu, na kope ikitoka jasho vinabanduka vipande vipande.

Ukiona cyclopentasiloxane, silikoni nyepesi inayopaa, ujue Umoja wa Ulaya unaizuia kwenye vipodozi vya kubaki mwilini kuanzia Juni 2027, kwa hiyo shedo inayoipenda ngozi yako leo inaweza kubadilishwa mchanganyiko jina likabaki lilelile.

Fundi Kope: Msoma Lebo yuko sahihi, ila malalamiko mengi dhidi ya shedo ya maji ni ya upakaji. Kope iwe kavu. Losheni ya jua au siagi ya shea ikiwa bado inang'aa, bana tishu juu yake kwanza, usisugue. Usitangulize poda, maana utando utashika poda badala ya ngozi na utabanduka nayo. Futa kijiti mdomoni mwa kichupa, gusa nukta mbili tu karibu na nywele za kope ya juu, chini ya mkunjo, kisha sambaza haraka kwa brashi ndogo au kidole. Una nusu dakika hivi. Sasa tazama chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafungua macho kujitazama, rangi mbichi inajichapa chini ya nyusi, hasa kwa wenye kope zilizolala.

Ukitaka tabaka la pili, subiri la kwanza lisinate kidoleni, kisha *gonga*. Ukiburuta, kiyeyushi cha tabaka jipya kinalainisha la chini na unaling'oa. Unabaki na kipara katikati ya kope, na kadiri unavyokiziba ndivyo kinavyokua.

Rangi nayo: waridi hafifu na beji zilizojaa titanium dioxide, ile rangi nyeupe, zinapauka kijivu kwenye ngozi nyeusi, za aina zote mbili. Shaba, bronzi na damu ya mzee hazikuangushi.

Bint Mvita: Mmesahau wanaoswali. Huo utando mnaousifu unazuia maji ya udhu. Shika udhu kwanza, ndipo upake. Ukitenguka, itoke yote. Sabuni ya uso peke yake haitoshi. Pamba yenye mafuta ya nazi, au kiondoa vipodozi cha tabaka mbili kilichotikiswa, ibandike kwenye kope sekunde 20 hadi 30, futa kuelekea chini, kisha uoshe hayo mafuta nayo. Kwa sherehe ya kutwa nzima, shedo ya poda inapunguza usumbufu.

Kikopo Daima: Na usafi, Binti Kijiti? Kijiti kinatoka jichoni kinarudi ndani.

Binti Kijiti: Kama kidole chako kinavyorudi kikoponi! Anayepamba bibi harusi na wapambe wake kwa kijiti kimoja anagawa macho mekundu. Kwa zote mbili, toa kiasi kwenye kibao cha chuma, tumia brashi safi kwa kila mtu, na uheshimu ile alama ya kikopo kilicho wazi yenye 6M au 12M, yaani miezi 6 au 12 tangu kufunguliwa. La udhu nakubali. La glita sikubali, isipokuwa kwa mwenye lenzi: punje ikiingia chini yake inakwaruza jicho, huyo abaki na krimu.

Mtoa mada: Kikopo kilichokwisha kupasuka kinafufuka?

Msoma Lebo: Kama ni cha isododecane, tone moja la Duraline ya Inglot, kimiminika cha kulainishia vipodozi vilivyokauka, koroga kwa kijiti cha meno, funika usiku mzima. Maji au mate, kamwe: hayachanganyiki nacho, na unaingiza vijidudu. Kikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, kitupe.