Mashine ya boti HP 40: nibaki na tu-stroki ya zamani au nihamie foo-stroki?

nahodha_kilindoni
Wakuu habari za usiku. Nipo Mafia, nina boti ya faiba nimefunga Yamaha Enduro 40 ya tu-stroki (ile ya kuchanganya oili na petroli), mashine ya siku nyingi ila bado inapiga kazi. Msimu wa papa potwe, mwezi wa 10 mpaka wa 2 hivi, nabeba wageni wanaokwenda kuwaona hapa Kilindoni, miezi mingine mizigo na watu kwenda Nyamisati. Sasa petroli inanimaliza na wageni wanalalamikia moshi. Nasikia foo-stroki inakula kidogo, lakini wengine wananitisha eti ikizima baharini hakuna wa kuigusa, na bei yake si ya mchezo. Mwenye uzoefu anieleze ukweli.

fundi_tanga
Kaka, jibu liko kwenye mwendo wako. Tu-stroki inachoma mafuta kila shafti ikizunguka mara moja, foo-stroki mara moja kila mizunguko miwili, ndo maana hiyo yako ni nyepesi na inavuta fasta. Ubaya wake ni kwamba mafuta mapya yanaingia kwenye silinda wakati tundu la moshi bado liko wazi, mengine yanatoka hivyo hivyo bila kuungua, na kwa hizi za kabureta yanaweza kufika hata robo. Ule utando wa rangi rangi unaouona juu ya maji nyuma ya boti ni hela yako ile.

Kwenye potwe unakwenda polepole, unasimama, unazunguka, hapo ndo tu-stroki inakula vibaya na plagi zinajaa masizi. Foo-stroki hapo utaipenda, kimya, moshi hakuna, na samaki wenyewe hawapigiwi kelele. Ila ukifungulia mwisho mpaka Nyamisati, tofauti ya mafuta inapungua sana.

dagaa_mwanza
Sikubaliani kwamba foo-stroki ni ya kila mtu. Huku ziwani mashine ya 15 tunaibeba begani kila tukirudi maana ukiiacha kwenye mtumbwi huikuti, sasa foo-stroki ni nzito zaidi halafu ina oili yake ndani, ukiilaza ubavu usio wake oili inaingia kwenye silinda, siku ya pili haiwaki au inatoa moshi balaa. Tu-stroki unailaza kirahisi, ikigoma unafungua kabureta na spana mbili unasafisha unaondoka. Na petroli yetu ya kwenye madumu ina maji na uchafu, kabureta inavumilia, injekta (ile ya mashine mpya inayopuliza mafuta badala ya kabureta) haivumilii hata kidogo.

fundi_tanga
Mzee wa dagaa hapo kwenye mafuta umesema kweli tupu. Nahodha ukinunua foo-stroki ya injekta, siku hiyo hiyo funga filta ya kutenganisha maji kati ya tenki na mashine, hiyo si ya kubana matumizi. Oili unabadilisha baada ya masaa 20 ya kwanza, halafu kila masaa 100, na ukirudi kutoka baharini suuza na maji yasiyo ya chumvi, chumvi haijali mashine mpya wala ya zamani. Na hiyo Enduro usiiuze, ikae ya akiba. Oili ya kuchanganya iwe ya mashine za boti, TC-W3, nusu lita kwa petroli lita 25, sio ile ya pikipiki inayopimwa kwa kizibo. Watu wanaua mashine nzuri kwa kizibo.

mkojani77
Kuongezea tu, Ulaya na Marekani tu-stroki za kabureta kama hizi hazipo tena sokoni kwa sababu ya sheria za moshi, ila kwetu huku bado zinauzwa mpya kabisa na spea zimejaa. Kabla hujalipa ulizia kwanza nani karibu na wewe ana kifaa cha kusomea hitilafu za foo-stroki. Kama mpaka uvuke kwenda Dar, msimu wa potwe unaweza kukuishia boti iko juu ya mchanga.

nahodha_kilindoni
Shukrani sana wakuu, hilo la filta sikulijua. Je, uzito nyuma ya boti hautaleta shida?

fundi_tanga
Enduro 40 ni kilo 70 na kitu, foo-stroki ya 40 inakaribia 100. Kwa hiyo sogeza tenki la mafuta mbele, na kagua ule ubao wa nyuma, ukiugonga ukalia bofu ujue umeoza ndani, urekebishe kwanza. Pima na urefu wake kabla hujaenda dukani, zipo mashine za shafti, yaani mguu unaoshuka majini, ya inchi 15 na ya inchi 20.