Blanketi la nyuzi za kauri linavunjika, nguvu imeenda wapi?

Mfinyanzi: Jamani, blanketi la kuzuia joto lisitoke kwenye tanuri langu lilikuwa laini kama pamba. Baada ya kuchoma mara nyingi kwa nyuzijoto 1200 za selsiasi, nikiligusa linamomonyoka kama biskuti. Na halijayeyuka!

Fundi Tanuri: Pole mwenzangu. Nyuzi hizo za alumina na silika (oksidi za alumini na silikoni) huzaliwa zikiwa kioo. Zikikaa muda mrefu juu ya 1000, kioo hugeuka fuwele, yaani chembe zenye mpangilio maalumu ndani, fuwele hukua, na mipakani mwake ndipo ufa unapoanzia. Tafadhali vaa barakoa unapoling'oa, vumbi la silika lile huumiza mapafu.

Mfinyanzi: Kumbe! Na nyuzi za kabidi ya silikoni, yaani silikoni na kaboni?

Mkemia: Za mwanzo zilibeba oksijeni ndani. Zikipita 1200 hutoa kaboni monoksidi, zikibaki na vitundu vinavyozidhoofisha. Zenye oksijeni kidogo huvumilia zaidi.