Mjadala: Wimbo wa kupinga unaamsha watu au unawatuliza?

Tarumbeta: Wakuu, watu wameikatia siasa tamaa. Kura hawapigi, ukiwauliza wanakujibu "wote walewale". Mimi naamini wimbo wenye ujasiri unavunja ukimya huo kuliko hotuba mia. Mkenya Eric Wainaina alipotoa wimbo wa Nchi ya Kitu Kidogo, rushwa ilianza kuimbwa hadharani na watu waliozoea kuitoa kimyakimya. Nani anabisha?

Mzee wa Kaseti: Mimi. Walioimba waliendelea kuitoa. Mtu anaimba, anatoka jasho, hasira zinaisha, kesho yuko foleni na bahasha yake. Vijana wa sasa ndio kabisa, kupinga kwao ni kutingisha kiuno.

Binti Sauti: Hapo kwenye kiuno umenikera, mzee wangu. Jukwaani kwa Fela Kuti wa Nigeria viuno vilitingishwa usiku kucha. Alipowaimba askari kuwa ni mazombi, wanatii amri bila kufikiri, wanajeshi walivamia nyumba yake Lagos mwaka 1977 wakaichoma, na mama yake mzazi wakamtupa dirishani. Kiuno tu kingewauma hivyo?

Mzee wa Kaseti: Usimlinganishe Fela na hawa wako, wanaopanda jukwaa la kampeni la yeyote anayelipa.

Binti Sauti: Wangu nani? Nay wa Mitego, rapa wa Tanzania, si alikamatwa 2017 kwa ajili ya wimbo wake Wapo?

Hoja Nzito: Akaachiwa, na waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli kaupenda, upigwe! Wimbo ambao BASATA, baraza la sanaa la taifa, walikuwa wameufungia. Mimi hapo ndipo ninapoogopa kuliko jela. Ukishakumbatiwa na mkubwa unayemsema, unamuuma nani tena?

Mzee wa Kaseti: Na ule wimbo wa Kenya, Unbwogable, je? Si NARC, muungano wa wapinzani, waliuchukua 2002 wakaufanya wa kampeni?

Binti Sauti: Waliuchukua wananchi kwanza! Gidi Gidi Maji Maji hawakuutunga kwa ajili ya kampeni ya mtu. Chama cha KANU kilikuwa madarakani tangu uhuru, watu wamezoea kunong'ona, ghafla wanaimba barabarani kwamba hawatishiki. Wewe ulikuwa wapi?

Mzee wa Kaseti: Foleni ya kura, binti. Juani. Usiniulize tena nilikuwa wapi.

Tarumbeta: Jamani, turudi kwenye mada. Hawa waliokata tamaa, wimbo unawafikia?

Mpita Njia: Mimi ni mmoja wao. Sipigi kura, na nyimbo zote mlizotaja nazijua kwa moyo. Zinanisisimua kweli. Lakini wimbo ukiisha sioni pa kwenda: hakuna kikao mtaani, hakuna anayeniita.

Mzee wa Kaseti: Usiyepiga kura unachangia nini hapa?

Binti Sauti: Mwache aseme, mzee! Ndiye tunayemjadili tangu asubuhi.

Mzee wa Kaseti: Aseme, lakini kwanza nijibiwe la wasanii wa kulipwa. Mmeliruka wote.