Injini kongwe ya ndege ya mfano iliyoganda: joto, kulanti au mashine ya mawimbi ya sauti?

Rubani wa Uzi

Wakuu, salaam. Nina injini mbili ndogo za zamani ambazo propela zake hazizunguki kabisa. Moja ni Cox Babe Bee ya inchi za ujazo 0.049, ambayo ni takriban sentimita za ujazo 0.8, na nyingine ni dizeli ya Uingereza, Mills 1.3, muundo uliotoka baada ya Vita Kuu ya Pili. Zote zina utando mgumu wa kahawia ambao bila shaka ni mafuta ya nyonyo ya kulainisha yaliyokauka. Naombeni ulinganisho wa njia tatu zinazotajwa mara nyingi: kupasha joto, kuchemsha katika kulanti (kimiminika cha kupozea injini ya gari), na kuosha kwa mashine inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti. Ipi ifuate ipi, na ipi niiogope?

Fundi Beringi

Anza na joto, kwa sababu ndiyo njia pekee isiyokulazimisha kuifungua injini yenyewe mapema. Mafuta ya nyonyo yakikaa miaka mingi hushikana na kugeuka kitu kinachofanana na vanishi, lakini hulainika yakipata moto. Toa tangi na sehemu zote za plastiki, puliza hewa ya moto kuzunguka silinda na kasha (mwili wa injini chini ya silinda) mpaka tone la maji likidondoshwa hapo litoe sauti ya kuchemka, kisha shika propela kwa glavu nene na uichezeshe mbele na nyuma polepole. Ikigoma, ongeza joto na mafuta mepesi, usiongeze nguvu.

Kwa Mills kuna jambo la kuzingatia kabla ya hayo yote. Legeza kwanza skrubu ya mgandamizo iliyo juu ya silinda. Mafuta yaliyonaswa juu ya pistoni hayagandamiziki, na anayelazimisha propela katika hali hiyo hupinda konirodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na kombo. Vilevile, usiingize bisibisi katika tundu la moshi ili kuizuia pistoni wakati wa kufungua silinda. Nimeona injini nyingi nzuri zenye alama hiyo kwenye ukingo wa tundu, na hakuna namna ya kuifuta.

Kasha Safi

Nakubaliana na Fundi kuhusu hatua ya kwanza, ila joto hulegeza tu, halisafishi. Ule weusi ulioungua kwenye mapezi ya silinda hauondoki kwa hewa ya moto. Kulanti yenye ethilini glaikoli, ikitunzwa kwa saa kadhaa katika joto lililo chini kidogo ya kuchemka, huulainisha utando huo hadi unatoka kwa mswaki wa meno, na haili alumini. Injini iwe imefunguliwa na gasketi zimetolewa. Ukimaliza, suuza kwa maji ya moto, kausha mara moja na upake mafuta siku hiyohiyo, kwa sababu chuma kilichooshwa na kubaki bila mafuta huanza kutu upesi.

Glaikoli ni sumu. Fanyia kazi hii nje, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Mwekahazina

Kulanti ina gharama ambayo Kasha Safi ameiruka: inaweza kufifisha rangi. Tangi la Cox Golden Bee lenye rangi ya dhahabu likitoka limepauka, mkusanyaji hatakupa bei ileile. Babe Bee yako haina shida hiyo.

Mashine ya mawimbi ya sauti ninaipenda kwa kazi moja, yaani kuzibua njia nyembamba za mafuta na kiti cha sindano inayorekebisha mafuta, mahali ambapo mswaki haufiki. Kwa mafuta yaliyoungua ni dhaifu, na sabuni kali ya magadi ndani yake huigeuza alumini kuwa nyeusi. Kostiki soda isikaribie kabisa injini hizi, kwani huila alumini mbele ya macho yako. Tena, baadhi ya injini za mbio za zamani zina kasha la magnesi, kwa hiyo jua chuma chako kabla ya kuchagua dawa.

Fundi Beringi

Niongeze lililosahaulika. Utando huo wakati mwingine ndio unaoziba nafasi kati ya pistoni iliyochakaa na silinda, hivyo injini inaweza kutoka safi lakini bila mgandamizo. Kwa Mills, dawa ya kweli ni kuchonga pistoni mpya na kuisugulia ndani ya silinda yake, kazi ya mtu mwenye mashine na subira. Wenye injini za miaka ya 1970 na kuendelea, zenye pistoni ya alumini ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu, wasijaribu kusugua: zimeundwa pistoni ibane sehemu ya juu ya silinda zikiwa baridi, na hulegea zikipata moto.

Rubani wa Uzi

Nimeelewa. Mills itapata joto na mafuta mepesi tu, na sitaifungua zaidi ya lazima; Cox itaingia kulanti bila tangi. Je, zikizunguka nizipe mafuta gani ya kuendeshea?

Kasha Safi

Usichanganye chupa. Dizeli huwaka kwa mgandamizo wenyewe, na mchanganyiko wa kuanzia ni theluthi moja moja ya etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo. Etha huwaka kwa cheche ndogo, kwa hiyo iweke mbali na moto. Cox hutumia methanoli na nitromethani pamoja na mafuta ya kulainisha yapatayo asilimia 20, na angalau nusu ya hayo yawe ya nyonyo, kwa sababu kiungo cha duara kinachoshika konirodi chini ya pistoni huchakaa haraka kikikosa ulainisho huo. Kichwa cha silinda ya Cox ndicho plagi ya kuwashia yenyewe. Kifunguliwe kwa spana yake, kamwe si kwa koleo. Baada ya kurusha, maliza mafuta yote yaliyomo na uweke matone machache ya mafuta ya madini kabla ya kuihifadhi, la sivyo utando utaanza upya.