Wimbo wa ugomvi, roki na hip hop: Killing in the Name, Faint au Seven Nation Army?

Gitaa_Magomeni: Wakuu, habari za jioni. Bendi yetu inatafuta wimbo mmoja wa roki iliyochanganywa na mitindo mingine, wenye ugomvi ndani yake. Mimi nataka Killing in the Name ya Rage Against the Machine (1992). Wenzangu wawili wanataka Faint ya Linkin Park, na mpiga dramu anang'ang'ania Seven Nation Army ya White Stripes. Tuna magitaa mawili, dramu na mwimbaji anayefoka vizuri. Besi hatuna. Mnashauri nini?

Mama_Vinyl: Killing in the Name, mwanangu, bila kusita. Maneno yake ni machache sana, lakini kila yanaporudiwa hasira inapanda. Na Tom Morello, mpiga gitaa wao, ni damu yetu: baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya. Kwenye solo anakanyaga Whammy, pedali ya kupandisha na kushusha sauti ya gitaa, mpaka gitaa linapiga mayowe. Albamu yenye wimbo huo haina sampuli (vipande vya rekodi nyingine), kibodi wala sintesaiza, na waliandika hivyo kabisa kwenye kava. Hip hop yote imetoka kwenye mikono na koo.

besi_nzito: Nakubali kuhusu wimbo, nakataa kuhusu bendi yao. Bila besi msiuguse. Gitaa na besi zinakwenda pamoja kwenye ule mdundo mzito, uzi mnene umeshushwa kutoka E hadi D. Ukiondoa besi unabaki na kelele nyembamba. Nimesikia bendi zikijaribu, inauma.

Kaka_Tabata: Faint (2003) ndiyo inayochanganya kwa haki. Waimbaji wao ni wawili: Shinoda anafoka, Bennington anaimba kisha anapasua koo, na nyuma yao kuna violini. Ugomvi wake ni wa nyumbani: mtu anayekataa kupuuzwa. Wasikilizaji wengi wameuishi huo kuliko ule wa polisi na dola wa Killing in the Name. Tena haifiki hata dakika tatu.

besi_nzito: Violini watazitoa wapi? Itabidi wabonyeze kompyuta jukwaani.

Kaka_Tabata: Sawa, lakini Linkin Park wenyewe walikuwa na DJ. Si dhambi.

Nyuzi_Sita: Mpiga dramu wenu ameona mbali. Seven Nation Army (2003) haina besi hata chembe! Jack White, mpiga gitaa na mwimbaji wao, alipitisha gitaa kwenye pedali ya Whammy kama Morello, ila yeye akaishusha sauti oktavu moja, ikawa nzito kama besi. Dramu za Meg White ni nyepesi kujifunza, ngumu kuzipiga kwa utulivu ule. Ni bluzi na roki ya gereji, kufoka hakuna, hilo nakiri. Lakini ugomvi upo: mtu mmoja dhidi ya umbea wa mji mzima. Na mashabiki wa mpira wanaimba ule mdundo viwanjani Ulaya, kwa hiyo watu watawaitikia hata wasiojua roki.

Mama_Vinyl: Kwa mashindano halisi hakuna kinachoizidi Krismasi ya 2009 Uingereza. Washindi wa X Factor, shindano la uimbaji la TV, walikuwa wameshika namba moja ya chati kila Krismasi kwa miaka minne mfululizo. Mashabiki wakafanya kampeni, Killing in the Name, wimbo uliokwishatimiza miaka 17, ikamshinda Joe McElderry, mshindi wa X Factor wa mwaka huo!

Gitaa_Magomeni: Nyuzi_Sita, mwimbaji wetu anaweza kufoka katikati ya Seven Nation Army, pale gitaa linaponyamaza?

Nyuzi_Sita: Anaweza. Acheni dramu peke yake kwa mistari minane, gitaa lirudi akimaliza. Ila aandike ugomvi wake mwenyewe, asikariri wa mtu.

besi_nzito: Hapo nawaunga mkono. Na mkihitaji besi kwa Killing in the Name, nipo Kinondoni, nitumieni ujumbe.